Fuso tatu za mbao na karatasi yetu moja

Simu iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikiwa nahangaika na kufuli la geti la uwanja wetu wa mbao, Mbagala. Ilikuwa Novemba 2018, vuli imeanza, kufuli limeshika kutu. Aliyepiga ni mzee wa Mafinga, mtu aliyekuwa akituletea mbao za paini tangu siku tunafungua.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua huko je?"

Mzee yule hajawahi kugusa hoja kabla hajauliza mvua. Nikamjibu. Akauliza watoto. Nikamjibu. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuulizia watoto, akasema: "Sasa mwanangu, ile milioni kumi na nane na laki nne mnanipa lini?"

Nilicheka. Nilidhani kanichanganya na mteja mwingine, maana kwa hesabu zangu alikuwa anatudai laki saba za mirunda, basi. Nikamwambia, mzee, utakuwa umekosea namba. Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo huko kwake. "Fuso tatu, mwanangu," akasema. "Mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Alichukua mwenzio."

Mwenzio huyo ni kaka wa mke wangu. Nyumbani namwita Shem, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Tulianza mwaka 2016, kila mmoja katoa milioni sita. Mimi nakaa uwanjani nauza, yeye anapanda Mafinga kutafuta mzigo, kwa sababu ana ulimi wa kupatana bei na mimi sina. Faida nusu kwa nusu kila mwisho wa mwezi. Miaka miwili ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kuwashauri watu kuhusu biashara, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu nikilikumbuka.

Asiyefanya biashara aelewe kwanza mali kauli ni nini. Ni mzigo unaoondoka nao kwa mdomo tu: chukua, kauze, ukishauza niletee hela yangu. Hakuna benki, hakuna hati, mara nyingi hakuna hata risiti. Mbao, mchele, vitunguu, mitumba, sehemu kubwa ya biashara hizi inaishi kwa mali kauli. Mwenye mzigo anakuangalia usoni, anaangalia uwanja wako, anauliza watu wawili watatu, anakupa. Wengi wetu tunaamini kwamba kwa kuwa hakuna maandishi basi hakuna mkataba, kuna uaminifu tu. Si kweli. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, inauhesabu mkataba wa mdomo kuwa mkataba, isipokuwa pale sheria yenyewe inapodai maandishi. Na mbao zetu zilikuwa zimeshapokelewa. Kauli ya mzee na kauli ya Shem, pale kwenye kituo cha kupakilia, zilitosha.

Asubuhi ile nilikwenda moja kwa moja kwenye droo, nikatoa kaunta buku letu la kwaya tatu. Kurasa za mbele zilikuwa safi: tarehe, mbili kwa nne vipande vingapi, moja kwa nane vingapi, papi, mirunda, nani kalipa, nani kabakiza. Mwandiko wangu. Nikalipekua hadi mwisho. Ukurasa wa nyuma kabisa, daftari likiwa limegeuzwa juu chini, nikakuta mwandiko wa Shem kwa kalamu nyekundu: "Mafinga f/3 = 23.4. Katoa 5. Baki 18.4." Kando yake kuna namba ya simu yenye jina la mtu wa Kahama, na chini hesabu ya mabati ambayo sijui ilikuwa ya nyumba gani.

Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema. Sisi daftari tulikuwa nalo, na habari ilikuwa imeandikwa humo kwa wino mwekundu. Aliyekosekana ni wa kuligeuza.

Nilimpigia Shem. Alipokea mara moja, akasema yuko Kahama, kuna duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, kachangia hela, mawe yamekaa vizuri, wiki mbili tu. Baada ya wiki mbili simu ikawa haipatikani. Fuso zile tatu zilikuwa zimeshushwa na kuuzwa Kibaha kwa mteja wake, mimi sikuona hata ubao mmoja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi yetu.

Tuliiandika mwaka 2016, tukaichapishia kwenye duka la steshenari pale stendi, tukaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa ikagongwa muhuri. Ukurasa mmoja. Kipengele cha nne nakijua kwa moyo kwa sababu mimi ndiye niliyekitunga: "Kila mbia atawajibika yeye mwenyewe kwa deni alilokopa yeye." Nilijiona nimeona mbali. Nikaitia kwenye bahasha ya plastiki, nikaenda Temeke kwa dada mmoja wakili niliyeelekezwa na jirani.

Aliisoma hadi mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akairudisha mezani.

"Mzee wa Mafinga aliiona hii?"

"Hapana, wakili. Hii ni yetu wawili."

"Basi ni yenu wawili."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza kumweleza upya: mimi sikukopa, sikuwepo, sikujua, hela sikuiona. Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza maswali matatu. Mbao ndiyo biashara mliyokuwa mnafanya? Ndiyo. Yeye ndiye aliyekuwa ananunua mzigo siku zote, na mzee anajua hivyo? Ndiyo. Na huko nyuma mlishawahi kuchukua mali kauli kwa mzee huyo huyo, ukalipa wewe? Nikakaa kimya, maana nilishalipa mara nyingi, kwa simu yangu, kwa jina langu.

Kwa Bara, mambo ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba yenyewe, kuanzia kifungu cha 190. Wenzetu Kenya wana sheria yao ya ubia peke yake, ya mwaka 2012. Waingereza wana yao ya mwaka 1890, inatumika hadi leo. Kote huko kiini ni kimoja: watu wakiendesha biashara pamoja kwa kutafuta faida, kila mmoja wao ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara hiyo. Shem alipofungua mdomo Mafinga kuagiza mbao, kisheria midomo miwili ilifunguka. Kama angekopa kwa jina letu hela ya kununua ng'ombe wa mahari, hapo tungekuwa na la kubishana. Lakini alikopa mbao, na sisi ni wauza mbao.

Karatasi yetu ingenisaidia kwa mzee endapo tu mzee angekuwa anajua kwamba Shem hana ruhusa ya kukopa. Ningekuwa nimemwambia, au nimempelekea nakala, au hata nimempigia simu nikasema, "Mzee, kuanzia leo huyu asipewe mzigo bila mimi." Sikufanya. Kwa hiyo makubaliano yetu yalibaki ndani ya bahasha yake ya plastiki, na deni likabaki nje, linatembea.

"Haya," nikasema, "basi anidai nusu. Milioni tisa na laki mbili. Nyingine amtafute Shem."

Wakili akafungua kitabu, akanisomea kifungu cha 43. Sitaki kukinukuu vibaya, kwa hiyo naeleza kwa maneno yangu: watu wawili au zaidi wakiahidi kitu kwa pamoja, na kama hawakukubaliana vinginevyo na yule waliyemwahidi, basi huyo anaweza kumbana yeyote kati yao atimize ahadi yote. Si fungu lake, yote. Mzee hakulazimika kumfuata Shem Kahama kwenye maduara. Hakulazimika kugawa. Alikuwa na haki ya kumchagua aliye karibu, mwenye uwanja, mwenye namba inayopatikana.

Kifungu hicho kina historia yake. Kabla ya 1961 hapa Tanganyika ilitumika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa na Waingereza, na ya kwetu ya 1961 ilijengwa juu ya ile. Ndani ya ile ya India kila kifungu kizito kilifuatishwa na mfano, na mfano wa hiki ulinikaa kichwani kuliko kifungu chenyewe. Watu watatu, A, B na C, wameahidi kwa pamoja kumlipa D rupia 3,000. D anambana C, C analipa zote. A amefilisika, mali yake inatosha kulipa nusu tu ya madeni yake. C anapata nini? Anapata rupia 500 kutoka kwenye mali ya A, na 1,250 kutoka kwa B.

Nilikaa na mfano huo usiku kucha na kalamu. Fungu la kila mmoja lilikuwa 1,000. A kaweza 500. Zimebaki 2,500, na wawili wazima wanazigawana sawasawa, 1,250 kwa 1,250. Maana yake pengo la aliyeanguka halimrudii D. Linawarudia waliosimama. Sasa weka watu wawili badala ya watatu, na mmoja yuko Kahama na simu imezimwa. Waliosimama ni mimi.

Nilimsimulia mke wangu nikitegemea atasikitika. Akacheka, kicheko cha mtu anayemwona mwenzie kagundua kwamba maji yanalowesha. "Wewe hilo ndiyo unalijua leo? Sisi kwenye kikundi siku ya kwanza tu tunaambiwa." Yeye yuko kwenye kikundi cha mkopo cha akina mama. Siku ya marejesho wanakaa kwenye mkeka, mmoja asipoleta hakuna anayenyanyuka. Wanachanga, wanafunga hesabu ya wiki, ndipo wanamwendea mwenzao nyumbani, wakati mwingine wanarudi na televisheni yake. Mkopeshaji hahangaiki. Akina mama wale, ambao wengi hawajawahi kuona mlango wa wakili, wanaijua dhamana ya pamoja kwa mwili. Mimi niliyetunga kipengele cha nne sikuijua.

Hasira zangu kwa wakati huo zilikuwa kwa mzee. Nilimwona kama mtu anayenionea kwa sababu nimepokea simu. Ilinichukua muda, na safari moja ya basi, kulegea. Nilipanda Mafinga Januari 2019 kumwomba anivumilie. Ukishaupanda mlima wa Kitonga, baridi inaanza kuingia kwenye madirisha, na baadaye yale mashamba ya Sao Hill yanajipanga, mipaini imesimama mistari kwa mistari kama daftari la mtu makini. Mzee alinikaribisha chai. Akanionyesha kwamba mbao zile hakuzikata mwenyewe. Naye alizichukua kwa wachanaji watatu kwa kauli, na mmoja wao alishamchukulia pikipiki. "Mimi nilikupa wewe na mwenzio," akasema. "Nisingempa yeye peke yake. Yeye peke yake ana nini?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Shem peke yake hakuwa na uwanja. Uwanja ulikuwa na sura yangu. Aliponunua, alinunua kwa uzito wa watu wawili, na faida ya uzito huo mimi nilikuwa naila nusu kila mwisho wa mwezi bila kuuliza ilitoka wapi. Tangu siku ile nimeacha kusema kwamba sheria ilinionea. Mtu aliyetoa mzigo kwa kuamini wawili akiambiwa atafute nusu huku na nusu kule, basi hakuna atakayempa mtu mzigo tena.

Hata hivyo uvumilivu wa mzee ulikuwa na mwisho, na wachanaji wake walikuwa hawana kabisa. Mwezi wa tano nikaletewa wito wa mahakama. Jina langu la kwanza, la Shem la pili. La Shem halikupata wa kulipokea.

Kuna mambo niliyaamini kuhusu usajili, na naona watu wengi bado wanayaamini. Ukutani kwetu tulitundika cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, chenye jina la biashara letu, kwenye fremu. Watu wakiuliza tulikuwa tunasema "kampuni yetu." Haikuwa kampuni. Jina la biashara ni jina tu; limesajiliwa ili watu wajue nani wako nyuma yake. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, ana madeni yake, na mwenye hisa akishalipia hisa zake anaweza kuiangalia ikizama akiwa ufukweni. Katika ubia wa kawaida hakuna ufukwe. Mali ya biashara ikiisha, wadai wanaingia nyumbani. Ila nisiwadanganye wanaokimbilia kampuni: benki na wauzaji wa jumla wanaijua hiyo njia siku nyingi, na kabla hawajakupa kitu wanakuwekea karatasi ya dhamana binafsi usaini wewe mkurugenzi. Ukisaini umerudi pale pale.

Nilimuuliza wakili dalali wa mahakama anaweza kuchukua nini. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ina orodha ya vitu visivyokamatwa katika kukazia hukumu: nguo za mtu, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na mke na watoto. Nikashusha pumzi. Halafu akaniuliza kama nyumba nimeiweka rehani popote, kwa sababu uliyoiweka rehani ni habari nyingine. Sikuwa nimeiweka. Pikipiki, kiwanja cha Chanika na mashine ya randa, hivyo vilikuwa vinalika.

Mahakamani kwetu shauri la madai linapitishwa kwanza kwenye usuluhishi, na hapo ndipo letu lilipoishia. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, mzee kavaa koti zito la Mafinga kwenye joto la Dar es Salaam. Tulikubaliana hivi: milioni nne papo hapo, nilizipata kwa kuuza mashine ya randa na mbao zilizobaki, kisha laki sita kila mwezi kwa miezi 24, kuanzia Septemba 2019. Ikaandikwa, ikasajiliwa, ikapata nguvu ya hukumu. Tulipotoka nje mzee akaniuliza mvua ya Dar es Salaam imenyesha.

Siku ile ile wakili alinipa kazi ambayo niliiona ya kijinga: niwaandikie wauzaji wote tuliowahi kuchukua mzigo kwao, mmoja mmoja, kwamba ubia wangu na Shem umevunjika kuanzia tarehe fulani. Nikamwambia kila mtu anajua jamaa katoroka. Akasema kujua kwa mtaani si taarifa. Mtu aliyezoea kufanya biashara nanyi ana haki ya kuendelea kuwahesabu wabia hadi aambiwe. Shem angeweza kuibuka Makambako kesho, akapakia Fuso ya nne kwa jina letu, na mimi nikawa namo. Niliandika barua kumi na moja na ujumbe wa simu usiohesabika. Nikafuta pia jina kwenye ubao wa geti, maana hata asiye mbia kabisa, akiacha watu waamini kuwa ni mbia, anaweza kubebeshwa deni la aliyemwamini. Upande wa pili wa shilingi ni huu: kujitoa hakufuti ya zamani. Deni lililoingia ukiwemo linakufuata, labda mdai mwenyewe akubali kwa makubaliano mapya kukuachia na kubaki na wenzio. Na anayeingia leo habebi ya jana.

Tangu hapo watu wananijia na hadithi zao, kana kwamba nina leseni. Mmoja aliyenisumbua akili ni mzee wa Kiunguja, mteja wangu wa papi, msomi wa dini, aliyempa kijana mtaji wa duka. "Mimi nimetoa mali, yeye anatoa jasho," aliniambia. "Hasara ikija, mimi napoteza mali, yeye anapoteza jasho. Yamekwisha." Hiyo ndiyo mudharaba, na pwani tumeifanya tangu enzi za majahazi. Katika fiqhi mwenye mtaji hadaiwi zaidi ya mtaji wake, ila kama alimruhusu kijana akope. Nikamuuliza: umemruhusu akope? Akafikiri. Alikuwa amemwambia, "Jitahidi upate mzigo." Nikamwambia wakili wangu angelipenda sana neno hilo. Mbele ya mahakama ya kawaida swali litakuwa kama nyie wawili mnafanya biashara pamoja kwa faida, na jibu halitokani na jina mlilolipa mpango wenu. Kugawana faida peke yake hakutoshi kumfanya mtu mbia. Mwajiriwa anaweza kulipwa kwa asilimia, mkopeshaji pia, mjane wa mbia pia. Lakini ukigawana faida, ukashauri nini kinunuliwe, ukakaa kaunta Jumamosi, itakuwa kazi kuieleza mahakama kwamba wewe ulitoa mali tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Alikuwa hajaandika.

Kujificha nako kuna hadithi yake. Wakili alinisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1879, Kendall dhidi ya Hamilton. Mkopeshaji aliwashtaki wafanyabiashara wawili aliowajua, akashinda, wakafilisika. Ndipo akagundua kulikuwa na mbia wa tatu nyuma ya pazia, tajiri. Akamshtaki. Mabwana wa mahakama ya juu wakasema hapana, deni lilikuwa moja, na umeshalimalizia kwenye hukumu ya wale wawili. Waingereza wenyewe walikuja kuiona hiyo kuwa dhuluma, wakaifuta kwa sheria ya mwaka 1978. Karibu miaka 100 tajiri wa nyuma ya pazia alikuwa na upenyo, na mimi niliyekuwa mbele ya pazia na kaunta buku nisingeupata hata kama ningezaliwa London.

Nilimaliza kulipa Agosti 2021. Mzee alinitumia kwa basi gunia la viazi.

Kifungu kile kile kilichonibana kina mlango wa pili: aliyelipa yote anaweza kumdai mwenzie fungu lake. Wakili alisema naweza kwenda mbali zaidi. Nusu ni pale ambapo hakuna kingine cha kusema. Lakini wabia wanadaiana uaminifu na hesabu za kweli, na kama nitathibitisha kwamba Shem aliuza zile Fuso na hela akaitia kwenye duara lake, naweza kumdai zote. Tuliandaa barua ya madai ya milioni kumi na nane na laki nne. Sikuisaini. Nikamwomba aandike nyingine, ya tisa na laki mbili.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nusu, akiwa upande wangu kuliko nilivyotarajia, tena dhidi ya kaka yake. Nilimwambia ukweli. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa Novemba ule sikuwahi kuligeuza daftari. Nilijua Shem ana mteja Kibaha. Nilijua anapiga simu zake nje ya geti. Uwanja ulikuwa unauza, fungu langu linaingia, nikaona kuuliza ni kumkosea shemeji heshima. Nusu ya ujinga ule ilikuwa yangu.

Barua ya tisa na laki mbili nayo sikuisaini. Iko kwenye droo.

Mwaka 2023 mama mkwe alifariki, tukasafiri Ifakara kuzika. Shem alikuwepo. Kakonda, mikono ina makovu ya mwamba. Siku mbili tulipishana kwenye turubai la wanaume, tunasalimiana, tunabeba maji, tunakaa kona tofauti. Usiku wa pili wa matanga alinifuata kwenye moto, akachuchumaa.

"Shem, ile hesabu yetu..."

"Tumzike mama kwanza."

"Tumeshamzika."

Kweli, tulikuwa tumeshamzika. Nikamwambia basi tusubiri arobaini ipite. Akaitikia, akachukua kijiti akakoroga makaa, tukabaki hapo hadi alfajiri tukizungumza habari za bei ya mpunga.

Wiki moja baada ya arobaini simu yangu ililia nikiwa uwanjani napimia mteja futi. Ujumbe wa hela: laki mbili na nusu, jina la Shem, namba mpya. Hakuandika kitu. Nilimaliza kumpimia mteja, nikaingia ndani, nikatoa kaunta buku lile la zamani, nikaligeuza juu chini. Chini ya wino wake mwekundu kulikuwa na nafasi. Nikaandika tarehe, kisha: "Katoa 250,000. Baki 8,950,000."